Kibarua wa Kuwinga Ndege

Aliyeiona kwanza ni Severina, na aliiona mahali pabaya, saluni kule Kihesa, mchana, viti vyote vimejaa wateja. Alikuwa anamsuka msusi mwenzake Eveline. Jumamosi Eveline alikuwa anapokea wageni wa posa, na haikufaa msusi mzima aende kuposwa na kichwa kama cha mtu aliyetoka jela. Severina akagawanya nywele nyuma ya sikio, akasita, akainama kuangalia vizuri.

"We Eveline, hii nini?"

"Nini?"

"Magamba haya. Una mapunye?"

Wanawake wa saluni si wabaya, ila kunong'ona hawajui. Mteja aliyekuwa anakaushwa nywele akageuza kichwa. Mwingine akavuta kiti chake pembeni polepole, kama anayetafuta mwanga. Severina akakishika kitana kwa vidole viwili, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji na dawa ya kusafishia choo.

"Usinifikirie vibaya, shoga. Ni utaratibu tu."

Utaratibu huo ulizaliwa mchana uleule.

"Ni mba jamani," alisema Eveline akicheka. "Baridi hii, nani hana mba?"

Alicheka vizuri, na wateja wakacheka naye, lakini aliushusha mkono wa blauzi ukafunika kiwiko. Tangu Pasaka kiwiko chake cha kushoto kilikuwa na baka lisilosikia mafuta ya aina yoyote. Lilikuwa jekundu, na juu yake ganda jeupe lililobanduka kama ukoko wa wali, na chini ya ganda, damu. Alilijua baka hilo. Alikuwa ameliona tangu utotoni mgongoni na miguuni mwa baba yake, si moja, mwili mzima.

Nyumbani kwao Madibira ugonjwa wa baba yake, Danieli, ulikuwa na maelezo yake, na maelezo yalikuwa maji. Maji ya majaruba ya mpunga, walisema, yanayolala na mbolea juu ya tope, ndiyo yaliyomla. Skimu nzima ya umwagiliaji ilikubali hivyo, ingawa watu wengine wote walisimama kwenye maji hayohayo kila msimu na kutoka na ngozi zao. Ndiyo maana Veneranda, mama yake Eveline, alimpeleka binti Iringa mjini mapema akajifunze ususi, mguu wake usikanyage mpunga. Na haukuwahi kukanyaga. Sasa kama ni maji, yeye yamempatia wapi? Eveline alikuwa na jibu, na lilimtisha kiasi kwamba alimwambia Severina amalizie haraka.

Mchumba wake, Lusekelo, alikuwa fundi wa malori, kijana mpole wa Uyole anayempenda kweli. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa mama yake, Yusta, ambaye alishasema kwenye simu, bila kuzunguka: "Kwetu hatuangalii sura, tunaangalia ukoo. Kama kuna ukoma, kifafa au wendawazimu, tuambizane mapema tusipotezeane muda." Eveline alijibu kwamba hakuna, na hakuona kama anadanganya, maana zahanati walishasema ya baba yake si ukoma. Lakini watu wanaomwona mtu njiani hawaulizi zahanati.

*

Ijumaa alipofika Madibira alikuta ukuta wa mbele wa nyumba umepakwa chokaa. Wa nyuma ulikuwa vilevile, kwa sababu wageni wasingefika huko. Veneranda alikuwa barazani anachambua mchele.

"Baba yuko wapi?"

"Shambani. Atakaa huko mpaka wageni waondoke." Mama hakuinua macho. "Kwenye kiti kesho atakaa baba yako mdogo. Tumeshapanga."

"Akae kama nani?"

"Kama baba. Filemoni siyo baba yako? Mahari yako anapokea, kesi yako anasimama, ukifa anakuzika. Hapo nani kasema uongo?"

Veneranda alikuwa na hoja. Huku kila mtu anajua kwamba mdogo wa baba ni baba, na kama Filemoni angekaa kwenye kiti na Danieli akakaa pembeni yake, hakuna mgeni ambaye angeshangaa. Uongo ulikuwa kwenye hiyo nafasi ya pembeni, ambayo haingekuwa na mtu.

"Ila usije ukajisahau mbele yao ukasema baba mdogo. Sema baba."

Eveline alipandisha mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, akamsogezea. Veneranda aliangalia. Kisha akaushika mkono wa blauzi na kuuvuta chini kwa nguvu hata kifungo kikakatika.

"Teremsha!"

"Mama, ni kama ya baba."

"Sina macho? Nimesema teremsha. Kesho unavaa mikono mirefu, na siku ya ndoa mikono mirefu. Ukishakuwa kwao litakuwa tatizo la kwao."

Akaurudia mchele. Sasa alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe. Usimhukumu upesi. Alikuwa na kibanda cha kupika chakula cha vibarua, na miaka yote wateja walikuwa wanamuuliza, kwa adabu kabisa, ni nani anayeosha sahani. Aliyeulizwa swali hilo kila msimu hubakiwa na huruma kidogo sana, na hiyo kidogo alikuwa anaitunza kwa ajili ya binti yake.

*

Danieli alikuwa amekaa kwenye tuta la mfereji, bila shati, anajipaka mafuta ya alizeti miguuni. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa njano na ndege wa mwezi wa tano walikuwa wengi. Alipomwona bintiye aliwahi kushika shati, kwa mazoea.

"Acha tu baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu." Akatabasamu. "Kumbe na wasusi wanasukwa! Mimi nilijua mnafunga vitambaa tu, kama fundi seremala asiye na kitanda."

Eveline alitaka kucheka akashindwa. Akapandisha mkono wa blauzi. Danieli aliacha kutabasamu. Alilishika lile baka kwa kidole gumba, polepole, halafu akauondoa mkono haraka kama aliyekumbuka kwamba yeye hatakiwi kugusa watu.

"Ni ya kwetu," alisema mwishowe. "Bibi yako alikuwa nayo kichwani. Yake walisema moshi wa jikoni. Yangu wakasema maji. Nikawaacha waseme, maana maji hayana ukoo. Nilifikiri kwa njia hiyo wewe utaolewa bila maneno."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilidhani itaishia kwangu."

Ndege walishuka upande wa pili. Danieli akasimama, akapiga kelele, akarusha udongo kwa kombeo, wakaruka. Akarudi kukaa akihema.

"Usikwangue. Ukiikwangua inachukia. Jua la asubuhi linaituliza, ndiyo maana unaniona kifua wazi. Mafuta ya alizeti, hayo ya kunukia achana nayo. Na usiwe na mawazo mengi, mawazo ndiyo yanaitoa yote nje." Akakiziba kichupa cha mafuta. "Nisamehe, mwanangu. Ningekuwa na kingine cha kukurithisha."

Hapo Eveline alilia kwa sauti. Alikuwa amemwonea aibu mzee huyu tangu shule ya msingi. Alikuwa anapita njia ndefu ili asikutane naye akiwa na wenzake, na kumbe katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyejua linavyouma, na linavyotulizwa. Walikaa pale mpaka jua likaanza kupungua makali. Alimuuliza kila kitu, na Danieli alijibu kwa furaha ya mtu ambaye hajaulizwa kitu siku nyingi.

"Na ya kesho usijali," alisema Danieli. "Filemoni ana suti. Akae yeye. Mimi nitakuwa kule mwisho wa majaruba. Mtu akiuliza, mimi kibarua wa kuwinga ndege."

Eveline hakukataa. Tuliseme wazi hapa, kwa sababu baadaye alijiambia mara nyingi kwamba alikataa.

*

Wageni walikuja kabla ya saa sita, Yusta, mshenga wao na Lusekelo aliyevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Walikula wali na kuku, wakasifu. Filemoni alikaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, ndani ya suti, jasho linamtoka. Mshenga alipouliza habari za ukoo, alijibu kama alivyofundishwa, kwamba ni ukoo safi, hakuna maradhi yanayojulikana. Yusta alimtazama mikono wakati anasema. Mikono ilikuwa mizuri.

"Baba, umezaa binti mwenye adabu," Yusta alimwambia.

"Ahsante, mama," alisema Filemoni, akanywa maji.

Mambo yangeishia hapo. Ila Yusta alikuwa mkulima wa viazi, na mkulima hawezi kula kwa watu bila kutaka kuona shamba. Wakatoka wote, wakafuata tuta la mfereji. Veneranda alitembea mbele, anaongea sana, anaonyesha upande usio na mtu.

Kisha ndege wakashuka. Lilikuja wingu la kweleakwelea, likatua katikati ya mpunga uliokuwa unaiva, na mtu wa kuwafukuza alikuwa mmoja. Danieli alikuwa amejificha vizuri tangu asubuhi. Lakini kazi ni kazi, na mpunga ule ulikuwa wa kumwoza Eveline. Aliruka kutoka kwenye majani kifua wazi, anapiga debe, anapiga kelele, anakimbia juu ya tuta kuja upande wao, na hakuwaona mpaka alipofika karibu. Akasimama. Jua lilikuwa linampiga mwili mzima.

"Yesu wangu," alisema Yusta. "Nani huyo?"

"Kibarua," alisema Veneranda.

"Na mwili ule anashika mpunga wenu?"

"Hashiki, mama. Anawinga ndege tu."

"Gwe Lusekelo, wali tuliokula umetoka wapi?" Yusta alishika tumbo. "Si hapahapa?"

"Mama, twende nyumbani," alisema Lusekelo kwa aibu.

"Siendi! Mtu anaumwa vile mnamwacha shambani kwenye chakula? Watu gani nyie? Mimi kwenye shamba kama hili sichukui mke. Mwondoeni sasa hivi, nikiona."

Filemoni alikohoa akaangalia viatu vyake. Veneranda alijifunga khanga upya. Kama mmoja wao angesema lolote wakati huo, hata la kijinga, pengine hadithi hii isingekuwepo. Aliyesogea ni Eveline. Hakutumwa.

"We!" alipaza sauti. "Nani kakwambia uvue shati mbele za watu? Huoni wageni?"

Danieli alimtazama.

"Toka! Nakwambia toka kwenye shamba la watu!" Akaokota bonge la tope, akalirusha. Lilimpata begani. Sijui kama alikusudia limpate. Yeye mwenyewe hajui.

"Samahani, dada," alisema Danieli. "Naondoka."

Alivaa shati. Alifunga vifungo vyote, pamoja na kile cha shingoni. Aliliweka debe chini kwa upole, akafuata mfereji kuelekea barabarani, na hakugeuka. Shamba lile alilisafisha yeye kwa jembe kabla Eveline hajazaliwa. Ndege wakarudi wakaanza kula, na hakuna hata mmoja kati ya wale waliosimama pale aliyewafukuza.

"Binti huyu atanifaa," Yusta alimwambia mshenga wakati wanarudi. "Hana mchezo."

Jioni Veneranda alimpelekea Danieli chakula kwenye kibanda cha kuwingia ndege, akakirudisha kama kilivyo. Walimtafuta, lakini walimtafuta kimyakimya, na mtu anayetafutwa kimyakimya haonekani. Ilisemekana amepita Rujewa, kwenye mashine za kukoboa, anazoa pumba. Filemoni alipofika huko akaambiwa alishaondoka, wenye mashine hawakumtaka karibu na mchele. Simu hakuwa nayo. Ndoa ilifungwa mwezi wa nane, na Filemoni alimshika Eveline mkono mpaka madhabahuni.

*

Baridi ya Uyole ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata, ndiyo iliyomvua nguo. Kichwa, viwiko, magoti, mgongo. Eveline alitafuta jua la asubuhi, hakuna, ni ukungu. Alijipaka mafuta ya alizeti, yakasaidia kwa siku chache. Kulikuwa na maswali mengine ya kuuliza na mtu wa kumuuliza hakuwepo tena. Lusekelo aliona, akasema waende hospitali. Yusta naye aliona, akasema anakwenda pamoja nao.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, ila mstaarabu. Aligusa yale mabaka kwa mkono mtupu, na Eveline karibu amshukuru kwa hilo tu.

"Usiogope. Hii inaitwa soriasisi. Haiambukizi, hata mkilala kitanda kimoja, hata mkila sahani moja. Kupona kabisa haiponi, ila tunaituliza. Mara nyingi inatembea kwenye familia. Kwenu nani anayo? Baba? Bibi?"

"Kwao hakuna," alijibu Yusta. "Tulikwenda wenyewe kuuliza."

Daktari akamgeukia Eveline, akasubiri.

"Hakuna, daktari."

Walipotoka walikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Yusta alijisogeza karibu na Eveline.

"Daktari kasema haiambukizi," alianza.

"Ndiyo, mama."

"Kasema ni ya damu."

"Ndiyo."

"Mimi ngozi hii nimeiona mara moja tu kabla yako. Shambani kwenu. Yule kibarua uliyemrushia tope." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upendo. "Sasa niambie taratibu, mimi mtu mzima. Mama yako alizaa na kibarua?"

Kwa Eveline jibu lilikuwa fupi. Yule ni mume wa mama yangu, wamefunga ndoa kanisani, yule ni baba yangu, anaitwa Danieli. Maneno hayo yangemsafisha mama yake na kumrudishia mzee jina lake. Lakini yangesema na jambo lingine, kwamba yule niliyemfukuza mbele yenu mkanisifu, nilijua ni nani. Kuitwa mgonjwa alikuwa ameshazoea. Hilo la pili hakuliweza. Alitamani ardhi ipasuke.

"Mama, acha," alisema Lusekelo. Alikuwa amekasirika, jambo la nadra kwake. Akamshika Eveline mkono, palepale penye mabaka. "Mimi ngozi sina shida nayo. Nasema kweli. Nataka tu nijue ukweli ili tusiishi kwa maneno. Tumpigie mama mkwe tumalize."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Veneranda alipokea haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba! Habari za huko? Mwanangu mzima?"

"Mzima. Mama, tuko hospitali. Nina swali moja, na usiogope kunijibu, mimi nampenda mke wangu. Yule mzee wa kuwinga ndege, aliyekuwa na ngozi mbaya. Ni ndugu yenu?"

Huko Madibira Veneranda alikuwa amesimama jikoni kwake, mwiko mkononi, shemeji yake akisubiri chakula, na aliona mtego mbele yake. Aliona binti anarudishwa nyumbani, na kila mtu barabarani anaangalia. Akafanya kile ambacho mama mwenye uchungu hufanya.

"Yule? Hapana, baba! Kibarua tu yule, alikuja kutafuta kazi, hata kwao sikujui. Tulishamfukuza, si mliona wenyewe? Eveline baba yake si mnamjua? Huyu hapa, ngoja nikupe."

Ikasikika simu inabadilishwa mikono, na Filemoni akikohoa.

"Haloo? Mwanangu Eveline yuko hapo?"

Lusekelo alimsogezea simu mdomoni. Alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba. Angeamini lolote ambalo angesema, na hilo Eveline alilijua. Yusta naye alikuwa anatazama.

"Shikamoo, baba," alisema Eveline.

"Marahaba, mwanangu! Kazi zinaendaje huko?"

"Nzuri, baba."

Lusekelo akakata simu, akashusha pumzi, akasema basi yameisha. Dirishani wakaita jina, akaenda kuchukua dawa, akazileta kwenye mfuko, kisha akatoka getini kutafuta bajaji. Alipofika mbali, Yusta alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akamtazama mkwewe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nyanyuka twende," alisema, "mtoto wa kibarua."

"Abee, mama," Eveline akaitika, akabeba mfuko wa dawa, akamfuata.